Kanzidata kujifunga thredi zikiwa nyingi: tazama kilicho kati ya INSERT na commit

Mkuu, umesema programu yako ya Python ina thredi nne (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zinazoandika kwenye SQLite (kanzidata inayokaa kwenye faili), ikielemewa inakwambia kanzidata imefungwa. Ukaongeza timeout (muda wa kusubiri kufuli liachiwe) hadi sekunde 60, ikawa afadhali kidogo. Hiyo "afadhali kidogo" ilinipotezea mimi wiki tatu.

Nilimtengenezea mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, programu ya kupokea mzigo. Makarani wawili wanaingiza, kila mmoja na thredi yake, na mvuvi anapata SMS kupitia modemu. Ikawa inagoma alfajiri, tena si kila alfajiri. Nikalaumu umeme, nikabadilisha diski. Bure. Karani mmoja akaniuliza, "Mbona mbalamwezi ikiwaka haisumbui?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mbalamwezi taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, mzigo hakuna. Giza likirudi, wote wanatia nanga kwa mpigo. Kumbe thredi zilikuwa zinagongana.

Nikaacha kubahatisha. Kila muamala (kazi ya kuandika tangu inapoanza hadi inapohifadhiwa) nikauandikia kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu: thredi gani, umeanza saa ngapi, umeisha saa ngapi. Aibu ilikuwa yangu: INSERT (amri ya kuingiza rekodi), halafu kutuma SMS, ndipo commit (amri ya kuhifadhi na kuachia kufuli). Modemu ikizubaa sekunde nane, kufuli limeshikwa sekunde nane. SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na Python kwa kawaida inasubiri sekunde 5 tu kisha inakata tamaa. Nikatanguliza commit, SMS ikafuata. Kesi ikafungwa pale pale.

Baadaye niliwasha WAL, hali ya SQLite ambapo mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni (ipo tangu 2010), wasomaji wasizuiane na mwandishi. Lakini haikupi waandishi wawili, na usiiweke kwenye folda inayoshirikiwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao. Siku hizi kazi zote za kuandika napitisha kwenye foleni, thredi moja ndiyo inaandika.

Nimeona pia umeweka check_same_thread=False (inayozima ukaguzi wa Python unaokataza thredi kushirikiana) na baadhi ya thredi zako zinatumia koneksheni moja, yaani muunganisho mmoja na kanzidata. Hilo linanitisha kuliko kufuli. Thredi moja ikifanya commit, inapitisha na kazi ya mwenzake iliyofika nusu, na hakuna kosa litakalojitokeza. Kila thredi ifungue ya kwake.

Tuwekee hapa mistari yako iliyo kati ya INSERT na commit, hata kama ni mirefu.