Umekabidhiwa timu ya kupima mionzi kwenye chakula? Anzia kwenye gunia, mashine baadaye

Mkuu, umesema umepewa vijana wanne na mashine moja, mnaanza kupima mionzi kwenye nafaka na mboga za hapa Dodoma, na unauliza usome nini kuhusu mashine. Nimeongoza timu ya namna hiyo miaka sita, kwenye utafiti. Mashine utaizoea ndani ya miezi miwili. Kinachosumbua ni kujua namba iliyotoka imetoka wapi, na hilo halimhusu fundi, linakuhusu wewe unayesaini.

Msimu wetu wa kwanza tulikwenda Bahi. Unajua huko na Manyoni urani imetafutwa sana, kwa hiyo wananchi wana hofu, na hofu yao ni ya haki. Tukanunua mlenda mkavu ambao haujatwangwa kwa mama mmoja. Kumbuka rediamu, metali ya mionzi inayotokana na urani, haitaki haraka: unafunga chombo kisivuje, unasubiri wiki tatu hadi nne radoni, gesi inayotoka kwenye rediamu, ijikusanye ndani, ndipo unapima. Tulipopima, mlenda ule ukazidi sampuli zote. Vijana wakataka ripoti iandikwe jioni ileile.

Nikachukua majani kidogo yaliyobaki nikayasugua kiganjani. Mchanga mtupu. Mama alikuwa ameyaanika juu ya mwamba, na upepo wa Bahi wakati wa kiangazi unaujua. Tukarudi kwake. "Mbukwenyi," akatukaribisha, nikamwomba atuonyeshe anavyouandaa kabla ya kupika. Akauweka kwenye ungo, akaupepeta, akaukung'uta, chini kukabaki vumbi jekundu. Tukaubeba ule uliopepetwa, tukausubiria tena mwezi mzima, na namba ikarudi karibu na za wenzake. Mara ya kwanza tulikuwa tumepima udongo. Tangu hapo, kabla gari halijatoka, tunaandika kwenye daftari: tunapima chakula kama kinavyouzwa au kama kinavyoliwa?

Kwenye magunia, usikubali sampuli ya gunia la mlangoni tu. Bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, lichome juu, katikati na chini, magunia kadhaa, halafu changanya.

Maharage yatawashtua vijana. Ni kawaida kilo moja ya maharage makavu kuwa na bekereli (kipimo cha mionzi) 400 hivi za potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi. Hiyo ni ya asili, inakuja na potasiamu yenyewe ambayo mwili unaihitaji na unaisawazisha. Wafundishe siku ya kwanza, maana mfanyabiashara akisikia "bekereli mia nne" bila maelezo, biashara yake imekwisha sokoni.

Ya kutafuta kwa makini ni sisiamu-137, inayotoka kwenye ajali za vinu na mabomu ya nyuklia, hasa kwenye vyakula vya kutoka nje. Nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni kama miaka 30, kwa hiyo hata iliyomwagika kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 bado ipo kiasi. Japani, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima, waliweka ukomo wa bekereli 100 kwa kilo kwa vyakula vya kawaida kuanzia Aprili 2012.

Na hapa ndipo nilipoumia. Siku moja kilele cha sisiamu kilijitokeza wazi kabisa kwenye grafu ya mashine, kwenye nishati ya 662 keV ambayo ndiyo alama yake, katika maharage ya mfanyabiashara aliyekuwa na lori linasubiri. Nikasaini mzigo uzuiwe. Binti wa mapokezi ya sampuli, mdogo kuliko wote, akaniambia, "Shikamoo bosi, naomba tupime chombo kitupu." Chombo kitupu nacho kikaonyesha sisiamu! Chanzo kidogo cha mionzi, cha kurekebishia mashine, kilikuwa kimeachwa mezani tangu jana yake, nyuma ya sanduku la madini ya risasi linalokinga mashine. Nilimpigia yule mfanyabiashara mwenyewe, nikamwomba radhi. Alikuwa ameshalala usiku mzima kwenye lori na mzigo wake.

Kwa hiyo sasa chombo kitupu kinapimwa kila asubuhi, chanzo kinatoka na kurudi kabatini kwa saini mbili, na mwenye shaka anasema mbele ya wote bila kukemewa. Binti yule ndiye anayekagua daftari.

Namba ya kutisha msiitangazie kijijini. Rudieni kipimo, kisha pelekeni kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, ndiyo yenye mamlaka kwa sheria ya mwaka 2003. Lakini mwenye shamba mrudieni na majibu, hata yakiwa mazuri. Wengi walipimiwa wakaachwa hivyohivyo.

Bajeti ya naitrojeni ya kimiminika iombe mapema kama mashine yenu ni ya jemaniamu na inapozwa nayo. Nikijua ni aina gani, nitakuwekea hapa fomu yetu ya sampuli.