Usimwage mbegu zote za okidi siku moja

Chupa kumi na mbili ziliota ukungu ndani ya siku tano, nami nimekaa nazitazama tu. Humo mlikuwa na mbegu zote za tunda moja la okidi adimu. Mmea wenyewe ulikuwa umechanua mara moja tu tangu nianze kuutunza, na ilinibidi kungoja miaka miwili kabla haujachanua tena. Kwa hiyo kama ndiyo kwanza unaingia maabara na tunda lako la kwanza mkononi, shika hili kabla ya jingine lolote: gawa mbegu. Sehemu panda leo, sehemu panda wiki ijayo, zinazobaki kausha uzihifadhi.

Kinachotuponza ni wingi. Tunda moja huweza kuwa na maelfu ya mbegu, na kwa aina fulani hufika mamilioni, kwa hiyo unajiona tajiri. Lakini mbegu ya okidi ni vumbi tu: kiinitete kidogo ndani ya ganda jembamba, karibu bila akiba yoyote ya chakula. Porini haikui mpaka kuvu wa udongoni au wa kwenye gome aingie ndani yake na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua jambo hilo mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson, huko Marekani, akaonyesha kwamba mbegu inaweza kuota bila kuvu ikiwekwa juu ya agari, jeli itokanayo na mwani, yenye madini na sukari. Kazi yetu yote ya chupa imesimama juu ya sukari hiyo. Ubaya wake ni kwamba sukari haichagui wa kumlisha. Mbegu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kuvimba na kuwa kijani. Ukungu unahitaji siku tatu.

Sasa kosa langu. Tunda lilikuwa bichi, nami nikaahirisha kazi mpaka baada ya mapumziko ya mwisho wa juma. Niliporudi lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nikaupuuza. Tunda bichi lililofungika halina vijidudu ndani, ndiyo maana kulisafisha ni rahisi: sugua kwa sabuni na brashi, loweka katika maji ya klorini kwa dakika 15 hadi 20, lichovye kwenye spiriti, lipitishe motoni haraka, kisha lipasue ndani ya kabati la hewa safi. Likishapata ufa, hata mdogo, hesabu kwamba hewa imeingia na vimelea vyake. Hapo inakubidi usafishe mbegu zenyewe: klorini ya asilimia 0.5 hadi 1, tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili zilowe, dakika 5 hadi 10, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa presha. Asilimia ninayosema ni ya klorini yenyewe, si ya dawa uliyonunua. Soma lebo ya chupa upige hesabu. Na kabla ya yote, kata mabaki ya ua yaliyokaukia kwenye ncha ya tunda. Pale ndipo ukungu hujificha, na hakuna klorini inayofika.

Okidi za ardhini zina tabia yake. Nyingi hutaka giza ili ziote, na mbegu zikikomaa kabisa ganda lake hugoma kupitisha maji. Ama uziache kwenye klorini muda mrefu zaidi, ukitazama rangi ya kahawia ikififia, ama uvune tunda kabla halijaiva. Cypripedium calceolus, okidi ya ardhini ya Uingereza, ilikuwa imebaki mmea mmoja tu uliojulikana porini, huko Yorkshire, na watu wa Kew, bustani za mimea za London, walifanikiwa kuikuza maabara kwa kutumia mbegu ambazo hazijakomaa.

Kabla ya kupanda, weka mbegu chache chini ya hadubini. Yenye uhai ina kidoti katikati. Maganda matupu yanapitisha mwanga tu. Nimewahi kuona tunda nono kabisa likiwa limejaa maganda matupu, na ningepoteza miezi sita nikiyasubiri. Za akiba zikaushe kwa chembe za silika, zitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye chupa inayoziba, kisha jokofu la nyuzi 5 hivi.

Kuhusu agari sina mengi. Watu hubishana sana juu ya ndizi, maji ya nazi na makaa, na kila mmoja ana mapishi yake. Anza na mchanganyiko unaojulikana, ukiwa na asidi ya pH 5.5 hivi, uchemshe kwa presha nyuzi 121 kwa dakika 20. Mapishi mabaya huchelewesha tu. Mikono michafu huua.

Jambo ambalo wakuzaji wa biashara watakushauri vibaya ni kuchagua. Wao hubakiza miche iliyowahi kukua na kutupa iliyobaki. Sisi tunaokuza ili kurudisha mimea porini hatutafuti ua kubwa. Ukihamisha miche yenye haraka peke yake, umeshachuja kizazi kizima kwa kigezo cha nani anapenda maisha ya chupani, sifa isiyo na maana porini. Nami hupandisha chavua kati ya mimea miwili tofauti kila inapowezekana, naandika mama, baba na tarehe kwa penseli, maana wino hufutika kwa spiriti. Mche usiojulikana ulikotoka ni pambo, haurudi porini. Na tunda la porini halichumwi bila kibali. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kutoa miche chupani ndiko kulikoniliza mara ya pili. Majani yaliyokulia kwenye unyevu mtupu hayana nta ya kutosha, yananyauka kwa saa chache. Osha agari yote kwenye mizizi kwa maji vuguvugu, kwa sababu sukari iliyobaki inaita ukungu ule ule. Panda kwenye sphagnum, mmea laini wa kinamasi unaoshika maji, funika kwa plastiki inayoonyesha ndani, kisha fungua kidogo kidogo kwa wiki nne au zaidi. Mbolea isubiri.

Tunda la pili nililigawa mara tatu. Awamu ya kwanza ilipoteza chupa mbili, ya pili haikupoteza hata moja, na ya tatu ingali jokofuni. Kwenye rafu ya chini nina chupa moja ambayo, baada ya miezi kumi na minne, ina vidoti vya kijani visivyozidi kichwa cha pini. Mwenzangu kila akisafisha rafu huuliza kama aitupe. Nimeibandika lebo yenye neno moja: Acha.