Usimwulize babu aliua wangapi

Niliingia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria mwaka 2014. Niliporudi nyumbani baada ya miezi mitatu, asubuhi ya kwanza nilitandika kitanda kama tulivyozoeshwa, blanketi limekaza kama ngozi ya ngoma. Baba akasimama mlangoni. "Kona ya miguuni imelegea," akasema, akainama akaikunja mwenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza kuhusu jeshi, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Baba alipigana Vita vya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Babu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza (KAR), akapelekwa Burma kwenye Vita Kuu ya Pili. Niliyajua hayo kama nilivyojua jina la kijiji chetu, basi. Utotoni nilimwuliza babu swali ambalo kila mtoto huuliza: uliua wangapi? Akanyanyuka, akaenda kutazama mbuzi. Sikuthubutu tena, naye akafariki nikiwa bado shule ya msingi.

Kama kwenu yupo mzee aliyevaa magwanda, usianze na risasi. Uliza viatu, chakula, mvua. Uliza mkiwa mnapukuchua mahindi, mikono ina kazi na macho hayatazamani, na usiulize mbele ya wageni. Simu ya kurekodia itoe siku nyingine. Akikosea mwaka, mwache, utautafuta baadaye.

Baba nilimwuliza walikula nini njiani kutoka Mutukula kwenda Masaka. Akaanza na ndizi. Kutoka kwenye ndizi tukafika kwenye mizinga ya roketi iliyoitwa sabasaba, na kutoka hapo kwa mwenzake wa handaki moja, ambaye hadi leo hamtaji jina. Nami simlazimishi.

Kwa babu nilichelewa, kwa hiyo nikaenda kwa wanawake. (Watu husahau kuwauliza.) Shangazi alikuwa amehifadhi sanduku la bati la babu: medali ya Burma, nyota ya shaba yenye ncha sita, na cheti cha kuachishwa jeshi, kimeandikwa namba yake na kikosi. Nakili namba na kikosi kabla mchwa hawajakifikia cheti. Bila hivyo utahangaika sana. Kwa hivyo viwili ndipo nilipojua kwamba alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, malaria na homa ya utitiri (scrub typhus) zikiwaangusha watu, mpaka ikaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Shangazi akaongeza ambalo halimo kwenye cheti: masika yakianza, babu alikuwa halali. Alikaa barazani na koti lake mpaka kuche. Sisi watoto tuliambiwa analinda mbuzi.

Bibi naye anakumbuka 11 Aprili 1979, redio ilipotangaza kwamba Kampala imeanguka. Kijiji kizima kilitoka kucheza ngoma. Babu alizima redio, akachukua jembe. Mwanawe alikuwa bado hajarudi.

Juzi nilimwuliza baba kuhusu viatu. Alipewa namba tisa, na yeye anavaa saba, kwa hiyo alijaza magazeti mbele, na magazeti yakilowa anabadilisha. Alicheka sana. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nitoke kambini:

"Wewe walikupa namba ngapi?"