Swali la Lugha: Msemen husukumwa au hutandazwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nawaandalia wenzangu wa kikundi cha mapishi hapa Tanga maelezo ya msemen, ule mkate wa Moroko wenye matabaka. Nimeandika: "Kanda unga, uache uumuke, sukuma kila donge liwe jembamba, paka siagi, kunja, kisha kaanga." Waliojaribu wanasema unatoka mgumu na matabaka yameshikana. Je, nimekosea Kiswahili? Na ule wa nyama niuite "msemen wa kujaza" au "wa kujazwa"?

Jibu: Marahaba. Sarufi yako haina kasoro. Wapishi wako wamepotezwa na vitenzi vitatu, maana mpishi hufuata kitenzi kwa mkono.

Kikubwa ni "sukuma". Mtu wa pwani akilisoma neno hilo huchukua kibao na mti wa chapati, tena hunyunyiza unga mkavu ili donge lisigande. Msemen hauguswi na mti. Kibao hupakwa mafuta, viganja navyo hupakwa mafuta, kisha donge hubonyezwa kutoka katikati kwenda nje mpaka rangi ya kibao ionekane chini yake. Unga mkavu hunywa mafuta yanayotakiwa kutenganisha matabaka. Ndiyo maana yakashikana. Andika "tandaza kwa viganja vilivyopakwa mafuta". Ukichanika kidogo si neno, mikunjo itafunika.

"Kunja" nayo peke yake haitoshi. Eleza hivi: paka mchanganyiko wa mafuta na siagi iliyoyeyushwa, nyunyiza semolina kiasi cha nusu kijiko cha chai, lete theluthi moja katikati, ya upande wa pili iilalie, kisha rudia kwa upande mwingine hadi upate mraba. Usiiandike semolina kuwa "unga wa sembe", kwani sembe ni mahindi. Semolina ni ngano iliyosagwa chengachenga, na ni chenga hizo zinazoyaweka matabaka mbalimbali.

La pili ni "uumuke". Kuumuka ni kazi ya hamira, na msemen hauna hamira ya kutosha kuumuka. Kwa unga wa ngano gramu 300 na semolina laini gramu 200, chumvi ni kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko kimoja, hamira robo kijiko tu, na maji ya vuguvugu mililita 320 hadi 340, yatiwe kidogokidogo. Kanda dakika 10, kata madonge, yapake mafuta, "yaache yatulie" dakika 20. Wengi siku hizi huandika "yapumzike", nami sioni ubaya. Lakini aliyeambiwa "uumuke" atasubiri unga ujae mara mbili, na unga uliojaa hewa hutoboka ukitandazwa. Donge likikurudia kila ulivutapo, basi halijatulia. Liache dakika 5 zaidi.

Neno "uumuke" liwekee batbout, mkate mwingine wa Moroko. Huo hutiwa hamira kijiko kizima, husukumwa kwa mti hadi unene wa nusu sentimita, na huachwa uumuke kweli. Ukiwekwa kwenye kikaango kikavu chenye moto, "huvimba" kwa mvuke na kufanya mfuko ndani. Kuumuka huja kabla ya moto, kuvimba huja juu ya moto. Ukiyachanganya maneno haya mawili, msomaji hajui lini aanze kupika.

La tatu, "kaanga" humfanya mtu amimine mafuta. Sema "choma kwenye tawa", kama tusemavyo kuchoma chapati. Ubonyeze mraba upanuke karibu mara mbili, moto uwe wa wastani, geuza mara kadhaa hadi madoa ya kahawia yatokee. Moto mdogo mno huukausha kabla haujaiva, na hapo ndipo ugumu unapoingia.

Jina liache lilivyo. Ukiliongeza irabu litakuwa "msemeni", ambalo kwetu ni amri ya kuwaambia watu wamseme mtu. Upatanisho fuata mkate: msemen huu umeiva, kwa wingi, mikate hii ya msemen. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uleule uliotupatia samli.

Kuhusu nyama, Kiswahili huita vyakula kwa kitenzi kisicho na kauli ya kutendwa: mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, chapati za kusukuma. Kwa hiyo "msemen wa kujaza" ni sahihi, na "wa kujazwa" husikika kama tafsiri. Ukitaja kilichomo, "msemen wa nyama" latosha, au "uliojazwa kima", yaani nyama ya kusaga, ndani ya maelezo. Kima ya gramu 200, vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo, bizari nyembamba na paprika vikaangwe hadi maji yote yakauke, kisha vipoe kabisa. Kijazo chenye maji hulainisha utando na kuupasua wakati wa kubonyeza. Weka vijiko viwili vya chai katikati ya donge lililotandazwa, kabla ya mkunjo wa kwanza.