Barua kwa mwanangu: waini ni maji, inakuwaje iwe dry?

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, eti mgeni hapo hotelini kaomba waini dry, wewe ukashangaa kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu, ukampelekea nyekundu tamu akairudisha. Pole mama. Swali lako ni zuri na lazima nikujibu, zabibu ndio zimekusomesha.

Dry ya kwanza unaijua, ni Dodoma yetu mwezi wa tisa, unaanika nguo ukigeuka zimekauka na midomo inapasuka. Hapo hakuna maji. Ila mbona ukinywa chai bila hata andazi tunasema umekunywa chai kavu, na kikombe kimejaa kinafuka moshi? Kilichokosekana ni kitafunwa. Sasa kwenye waini kinachokosekana ni sukari. Zabibu zikishakamuliwa hamira inakula ile sukari inaigeuza kilevi, ikila karibu yote hiyo ndio dry, ikikatishwa njiani utamu unabaki, kwahiyo hata zabibu za huku Hombolo ziwe tamu kama asali zinaweza kutoa waini kavu kabisa. Na usichanganye na ule ukakasi unaokamata ulimi kama chai iliyozidi majani, ule unatoka kwenye maganda na mbegu, hata wanywaji wazoefu wanakosea hapo.

Marekani nako kuna kaunti wanaziita dry na mvua zinanyesha vizuri tu, maana yake pombe haiuzwi. Mwaka 1920 mpaka 1933 ilipigwa marufuku nchi nzima. Yani neno lilelile, kwenye chupa halina sukari, kwenye kaunti halina pombe!

Halafu kuna utani dry, mtu anasema neno la kuchekesha huku amekausha, uso wala haubadiliki, baba yako kabisa. Ila kwenye macho uwe makini sana mwanangu. Mzungu akisema msibani watu walikuwa na macho makavu anamaanisha hawakulia, sisi ukimwambia mtu ana macho makavu umemwambia hana haya, na hapo mtagombana.

Akija mwingine akataka dry mpe isiyo na utamu, chupa nyingi wameandika, soma kabla hujafungua. Mwezi wa nane tunavuna tena, omba likizo mapema uje tusaidiane, baba yako mgongo unamsumbua.

Mama