Maswali na Majibu: Shule zilizofungwa Farmville

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mji mmoja: Farmville, makao makuu ya kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia, Marekani, ambako shule zote za umma zilifungwa 1959 hadi 1964 ili watoto Weusi na Wazungu wasisome pamoja. Nimechagua chache. Nyingine zinauliza yaleyale.

Farmville iko upande gani wa Afrika Kusini? (Msomaji, Tabora)

Haiko Afrika Kusini. "Kusini" katika habari hizi ni majimbo ya kusini mwa Marekani. Swali hili haliishi, na ramani zipo.

Ni kweli wanafunzi wa Moton, sekondari ya Weusi ya Farmville, waligoma wakitaka kusoma na Wazungu? (Msomaji, Morogoro)

Mwanzoni walitaka jengo tu. Sekondari hiyo, Robert Russa Moton, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1950 walipita 450. Badala ya kujenga, kaunti ikasimamisha vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Paa zilivuja. Aliyekaa karibu na jiko la kupashia joto alitoka jasho, aliyekaa mbali alisoma amevaa koti. Kuna vipindi vilivyofundishwa ndani ya basi.

Aprili 23, 1951, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, na wenzake walimtoa mwalimu mkuu shuleni kwa simu ya uongo, wakaitisha mkutano ukumbini, mgomo ukaanza. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, ndio waliowapa sharti: hawatadai jengo jipya la kibaguzi, watashtaki ubaguzi wenyewe. Wakakubali. Kesi ya wanafunzi 117 ikafunguliwa Mei 23, na baadaye ikawa moja ya kesi tano zilizoamuliwa pamoja kwa jina la Brown, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya ubaguzi shuleni. Jengo jipya? Lilipatikana 1953, kaunti ikiwa tayari imeshtakiwa. Msiniambie pesa hazikuwepo.

Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954. Iweje shule zifungwe 1959? (Msomaji, Nairobi)

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hukumu ya Mei 17, 1954 ilisema ubaguzi ni kinyume cha katiba; haikusema ukome lini. Ya pili, Mei 1955, ilihimiza haraka lakini haikuweka tarehe, na asiyetaka kutii akapata nafasi ya kujipanga. Seneta Harry Byrd wa Virginia akahimiza jimbo zima lipinge kuchanganya watoto. Septemba 1958 gavana akafunga shule kadhaa za miji ya Front Royal, Charlottesville na Norfolk, zilizokuwa zimeagizwa kupokea Weusi. Januari 1959 mahakama zikabatilisha hatua hiyo.

Prince Edward ilitumia njia nyingine: bajeti. Baraza la kaunti lilikuwa limeshaanza kutoa fedha za shule mwezi kwa mwezi, ili liweze kuzikata wakati wowote. Mei 1959 mahakama ya rufaa ikaagiza watoto wachanganywe kuanzia Septemba. Juni, baraza likakataa kutoza kodi ya shule. Basi. Halikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Shule zote za umma zikafungwa miaka mitano. Anayetafuta ubaguzi kwenye mabango ya "Wazungu tu" peke yake hataona lililotendeka hapa. Asome kumbukumbu za vikao vya bajeti.

Ruzuku ya karo ilikuwa ya watoto wa rangi zote. Ubaguzi uko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Ruzuku hiyo ilimsaidia mzazi kulipia shule binafsi wakati za umma zimefungwa. Piga hesabu. Mwaka 1960 jimbo lilitoa dola 125 kwa mtoto wa msingi na 150 kwa wa sekondari. Kaunti ikaongeza 100 kwa kila mmoja: jumla 225 au 250. Aliyechangia shule binafsi ndani ya kaunti alipunguziwa kodi ya mali, hadi asilimia 25. Na shule hiyo ilikuwa ipi? Prince Edward Academy, ya Wazungu, iliyofunguliwa Septemba 1959. Mahakama ilizuia fedha hizo mwaka 1961, na Mzungu maskini aliyeshindwa karo akaumia naye. Ukisikia ruzuku "ya wote", popote pale, uliza kwanza shule inampokea nani.

Kwa nini Weusi hawakufungua shule zao binafsi? (Msomaji, Dodoma)

Waliletewa pendekezo hilo, wakalikataa. Kulikubali kungewapa washitakiwa, yaani kaunti, hoja kwamba Weusi nao wana shule zao, na Mchungaji L. Francis Griffin, aliyekuwa mstari wa mbele katika kesi, alilijua hilo. Makanisani vikafunguliwa vituo vya kujifunzia, ambavyo havikuwa mbadala wa shule. Baadhi ya wanafunzi walipelekwa Kittrell College, North Carolina. Wengine wakapokewa na familia za majimbo mengine kwa msaada wa Waquaker, dhehebu la Kikristo. Wengi walibaki nyumbani. Septemba 1963 zilifunguliwa shule za bure kwa michango, zikapokea watoto wapatao 1,500, Wazungu wanne tu. Mtoto aliyekuwa na miaka sita 1959 aliingia darasa lake la kwanza akiwa na kumi, na mwalimu hakuwa na kitabu cha kumfaa: vya kuanzia kusoma viliandikwa kwa watoto wadogo.

Nani aliwalazimisha kufungua? (Msomaji, Arusha)

Mahakama ya Juu, Mei 25, 1964. Ilisema kaunti inaweza kuamriwa kutoza kodi. Septemba shule zikafunguliwa.

Waathirika walilipwa fidia? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Mwaka 2004 Virginia ilianzisha ufadhili wa masomo wa dola milioni 2, nusu yake ikitoka kwa tajiri John Kluge. Yule mtoto wa miaka sita alikuwa na 51.