Maswali ya Wasomaji: Majabali ya Kolo, Magofu na Mlima Hanang

Swali: Sisi ni walimu sita wa sekondari, tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Likizo ya Juni tunataka kwenda Kolo kuona michoro ya miambani. Hatuna gari. Wengine wanatuambia tutakwenda na kurudi siku hiyohiyo, wengine wanasema giza litatukuta huko. Tupange vipi, na maji tubebe kiasi gani?

Jibu: Walimu, lalani Kondoa. Kutoka Dodoma hadi Kolo ni kama kilomita 180 za lami. Hata mkipanda basi la alfajiri pale stendi ya Nanenane, mtashuka Kolo jua likiwa limeshapanda, na hapo safari yenyewe bado haijaanza. Wengi hudhani michoro iko kando ya barabara. Iliyo kando ya barabara ni ofisi ya mambo ya kale. Mapango yanayotembelewa zaidi, yale yaitwayo Kolo B1, B2 na B3, yako kama kilomita 9 kutoka hapo kwa njia ya vumbi, na sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu.

Basi fanyeni hivi. Siku ya kwanza safirini taratibu hadi Kondoa mjini, nunueni maji na chakula, mlale. Siku ya pili ondokeni saa 12 asubuhi ili ofisi ya Kolo ikifunguliwa muwe mlangoni. Lipeni kiingilio kwa namba ya malipo mtakayopewa, mchukue na mwongozaji. Msijaribu kwenda bila yeye. Vijia vya mifugo ni vingi, vyote vinafanana, na mapango hayaonekani mpaka uwe umeyakaribia kabisa.

Kwa bodaboda, zile kilomita 9 zinaweza kuchukua nusu saa au zaidi kidogo. Kwa miguu hesabuni saa mbili na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Mkichagua bodaboda, patana kabisa na dereva awasubiri au arudi saa fulani, na sehemu ya mwisho ya nauli mlipe mkisharudi. Huko juu msitegemee simu kumwita.

Maji: mtu anayepanda kwenye baridi ya asubuhi hutumia kama nusu lita kwa saa. Jua likishawaka juu ya jabali hufika lita nzima. Kwa bodaboda kila mtu abebe lita 3. Kwa miguu, lita 5, na hapo mzigo ni kilo 5 kabla ya chakula, ndiyo maana tunapendelea bodaboda. Wekeni na pakiti mbili za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa kila mtu. Anayetoka jasho jingi na kunywa maji matupu tu hupoteza chumvi, kichwa kikaanza kuuma na miguu kukaza. Karanga za chumvi, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vinafaa kuliko biskuti. Maji yakifika nusu na hamjafika, geuzeni bila mjadala.

Kinachowaangusha wageni wengi Kolo ni changarawe. Mwamba wa pale ukichakaa unamwaga punje ngumu zinazolala juu ya jabali lililo laini, na ukizikanyaga kwa soli iliyoisha unateleza kama uliyekanyaga mtama juu ya sakafu. Kupanda hamtaona shida. Shida huja wakati wa kushuka, hasa njia ya B2 iliyo kali zaidi. Shukeni ubavu, hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na mtu asimfuate mwenzake kwa karibu chini ya mita tatu.

Juni ni mwezi mzuri. Mvua za kwetu huanza Desemba na kwisha Aprili, na wakati huo makorongo hufurika ghafla. Oktoba na Novemba joto ni kali mno. Juni asubuhi kuna upepo wa baridi, kwa hiyo sweta lisikosekane. Mkifika juu msikimbilie ukutani. Kaeni kwanza mtazame bonde lote lililo chini yenu, maana waliochora walichagua mahali panapoona mbali.

Swali: Nimeona picha za Kolo mtandaoni, wanyama wamekolea wekundu. Rafiki yangu alipokwenda aliona madoa tu. Mtu mmoja akamwambia wapiga picha hunyunyiza maji ukutani ndipo rangi itokee. Ni kweli? Inaruhusiwa? — Msomaji, Chamwino

Jibu: Ni kweli maji hukoleza rangi kwa dakika chache, na ni kweli vilevile kwamba yanaua mchoro. Tunaomba kwa moyo wote, usifanye hivyo, na ukimwona mtu anafanya mzuie.

Sababu yake ni hii. Mwamba una chumvichumvi ndani yake. Ukiulowesha, maji yanaingia na kuziyeyusha. Yakikauka yanatoka nazo nje na kuziacha juu ya rangi kama ukungu mweupe. Rudia mara nyingi na huo ukungu unafunika kila kitu, halafu tabaka la juu linaanza kubanduka na rangi yake. Vidole navyo vinaacha mafuta ambayo vumbi hung'ang'ania. Moshi wa moto uliowashwa pangoni ni mbaya zaidi, hautoki tena.

Rangi nyekundu inatokana na udongo na mawe yenye kutu ya chuma, ndiyo maana imedumu kwa muda mrefu hivi. Ile nyeupe ni ya baadaye, ni nzito, na mara nyingi imepakwa juu ya nyekundu. Ukilijua hilo unaanza kuusoma ukuta: nyekundu iliyo chini ni ya wawindaji, na humo utaona pofu, twiga na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya nywele, nyeupe iliyo juu inahusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja nyuma yao. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipofanya kazi hapa mwaka 1951 alinakili michoro hiyo kwa mkono. UNESCO iliyaingiza maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mapango yenye michoro yamehesabiwa kuwa zaidi ya 150.

Rafiki yako huenda alisimama jua likiwa limempiga usoni. Ingia kivulini, funga macho nusu dakika, kisha tazama upya. Kama jua linaupiga ukuta, mwenzako akinge kwa mwavuli au kitenge. Zima taa ya kamera, kwani hufuta tofauti ndogo za rangi. Piga ukiwa umenyooka mbele ya mchoro, na ukifika nyumbani koleza rangi kwenye picha yenyewe. Ipo programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa mahsusi kwa michoro ya miambani, nayo hutoa umbo ambalo jicho halikuliona kabisa. Hiyo ndiyo njia halali ya kupata ule wekundu.

Kuna jambo jingine. Pango kubwa, Mongomi wa Kolo, bado ni mahali pa tambiko kwa wenyeji. Ukikuta vitu vimewekwa, usivishike wala usivipige picha kabla ya kumuuliza mwongozaji. Na ukiona shimo limechimbwa, jua ni kazi ya watu wanaotafuta mali inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani. Uvumi huo umewafanya watu wavunje miamba na kufukua udongo ambao wataalamu wangeusoma tabaka kwa tabaka. Toa taarifa ofisini.

Swali: Kwa nini Dodoma hatuna magofu ya mawe ya kupanda na kutazama? — Mwanafunzi, Mpwapwa

Jibu: Kwa sababu babu zetu Wagogo walijenga tembe: miti, udongo, na paa bapa la udongo. Tembe likiachwa, mvua na mchwa hulirudisha ardhini, likabaki tuta tu. Ukitaka kuta za mawe za kale, nenda Engaruka, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kulikokuwa na matuta na mifereji ya umwagiliaji iliyoachwa katika karne ya 18 hivi. Karibu zaidi, Kilimatinde karibu na Manyoni palikuwa na kituo cha Wajerumani, nako unasimama ukingoni mwa bonde hilohilo. Mandhari yake yanatosha kukutoa nyumbani.

Swali: Nina miaka 41, nafanya kazi ya kukaa ofisini Singida. Nataka kupanda Hanang kwa siku moja. Nitaweza?

Jibu: Hesabu kwanza. Hanang ina urefu wa kama mita 3,420, na Katesh, mji ulio chini ya mlima, uko karibu nusu ya kimo hicho. Una mita 1,700 hivi za kupanda. Mtu wa kawaida mwenye begi hupanda mita 300 kwa saa, kwa hiyo ni karibu saa sita bila mapumziko, na kushuka saa nne. Ukianza saa 11 alfajiri kwa tochi ya kichwani, utarudi alasiri ukiwa hoi. Ukianza saa 2, utashuka gizani, na hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka.

Kwa hiyo jipe miezi miwili. Mara tatu kwa wiki panda kilima au ngazi ukiwa na chupa za maji za lita 6 begini. Ukifika juu yamwage, ushuke bila mzigo, magoti yapone. Ukiweza kupanda na kushuka saa nne mfululizo na kesho yake ukatembea vizuri, uko tayari. La sivyo, gawa siku mbili, ulale juu kwa hema.

Njia ya Jorodom hupanda mgongo wa mlima, nao mgongo hauna maji. Beba lita 4 au 5. Unachodhani ni kilele mara ya kwanza sicho. Kutoka hapo mgongo hushuka na kupanda tena, na wengi hukata tamaa hapo kwa sababu hawakuambiwa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, ni kimo; shuka mita 300 utapata nafuu. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kupanda.

Mvua ikinyesha usipande. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima huu vilishuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Pitia kwanza ofisi ya misitu Katesh, uulize njia ikoje.

Swali: Mwanangu wa miaka 9 avae nini miguuni kwenye vilima vya Dodoma? — Mama, Area D

Jibu: Mama, raba yenye soli nene na meno, iliyoshavaliwa angalau wiki mbili. Kandambili na raba za soli nyembamba hapana, miiba ya migunga hupenya. Soksi ndefu, suruali ndefu kwa ajili ya upupu na mbigili. Kucha za vidole vya miguu zikatwe siku mbili kabla, la sivyo wakati wa kushuka zitagonga mbele ya kiatu na kuota weusi. Beba kibano cha kutolea miiba.